Muhula wa Pili Skulini Kwetu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wazee, walezi na wanafunzi wa skuli yetu ya sekondari, upande wa Wete, kisiwani Pemba. Maswali yote yametoka kwenu. Mengine huulizwa katika kikao cha wazee, mengine getini asubuhi, na mengi kwa simu. Tumeyapanga kwa mafungu, na jibu likiwa limeshatolewa pengine tumeelekeza huko badala ya kulirudia. Mzee mwenye mtoto wa kidato cha kwanza tunamshauri aanze juu kabisa.

## Mambo ya msingi

Kwa nini muhula wa pili ndio wenye mambo mengi?

Kwa sababu kila kitu hukutana humo. Skuli zinafunguliwa Julai, na watoto hawajakaa sawa karafuu zimeshaanza kukomaa. Septemba kuna shamrashamra za Elimu Bila Malipo. Kuanzia Oktoba tunatazamia mvua za vuli. Novemba kidato cha nne wanafanya mtihani wa taifa wa Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), na kidato cha pili nao wana mtihani wao wa Baraza la Mitihani la Zanzibar kabla mwaka haujamalizika. Kwa miaka hii Mfunguo Sita, mwezi aliozaliwa Mtume, nao umeangukia humo humo, kwa hiyo na maulidi ya skuli yamo.

Muhula wa kwanza mtoto akikosa wiki moja hupata pa kuifidia. Muhula huu hapati. Ndiyo maana mtakuta ombi letu ni moja karibu kila fungu: tuambieni mapema. Mtoto tunayejua yuko wapi na kwa sababu gani tunaweza kumpangia. Tusiyejua habari zake, mpaka tumpate mada mbili tatu zimeshapita.

Siku ya skuli inaanza na kumalizika saa ngapi?

Mstari ni saa 1:15 asubuhi na kipindi cha kwanza saa 1:30. Sala ya adhuhuri tunasali hapa hapa, na masomo yanamalizika saa 8:00 mchana. Ijumaa tunatoka mapema ili kila mtu awahi msikitini kwao.

Shughuli za jioni, yaani michezo, klabu na mazoezi ya ngoma, ni Jumatatu na Jumatano tu, baada ya sala ya laasiri hadi saa 11:30. Saa hiyo imewekwa makusudi, anayekaa mbali afike kwao kabla ya Magharibi. Mwalimu akiwachelewesha wanafunzi kupita hapo, mzee ana haki ya kumpigia Mwalimu Mkuu, na tunaomba apige.

Ni lazima mwanafunzi awe na klabu?

Kidato cha kwanza hadi cha tatu, ndiyo, klabu moja. Kidato cha nne ni hiari kuanzia Agosti. Moja ikimtosha asiongeze. Wapo wanafunzi wenye moyo wanaojiandikisha tatu au nne, na mwisho wa muhula hawana hata moja waliyoishika vizuri.

Zipo klabu gani?

Mdahalo, sayansi, mazingira, skauti, ushairi na gazeti la ukutani. Skauti na sayansi zina walimu wake na ratiba ipo kwenye ubao wa matangazo. Mbili zinahitaji maelezo zaidi.

Mdahalo hufanyika wiki moja kwa Kiswahili, wiki ya pili kwa Kiingereza. Mtoto anatoka msingi akiwa mwepesi wa kusema, anafika sekondari masomo mengi yanasomeshwa kwa Kiingereza, anafunga mdomo. Si kwamba hana akili, anaogopa kuchekwa. Katika mdahalo wetu anayemcheka mwenzake kwa kukosea Kiingereza hutolewa nje ya ukumbi hapo hapo, hata awe kiranja. Kwa sharti hilo tu, watoto waliokuwa hawanyanyui mkono darasani leo wanasimama na kutetea hoja mbele ya ukumbi mzima.

Klabu ya mazingira kazi yake kubwa ni kupanda mikoko. Vijiji vingi vya Pemba vinajua maana ya maji ya chumvi kuingia kwenye mabonde ya mpunga, na mikoko ndiyo inayoikinga pwani. Wanafunzi wanakwenda maji yakipwa, na pakacha la miche ile mirefu ya mkoko iliyoanguka yenyewe chini ya mti. Upande uliochongoka ndio unaoingia topeni, wima, na baina ya mche na mche ni kama hatua moja. Mzee anayeona mtoto karudi na tope mpaka magotini ajue alikuwa huko, asimgombe.

Jioni mwanangu ana chuo cha Kurani. Afanye nini?

Aende chuo. Siku za jioni ni mbili tu kwa sababu hiyo, na maustadhi wa karibu tumezungumza nao. Mwenye chuo siku zote anaandikishwa gazeti la ukutani au ushairi, ambazo hukutana kipindi cha mwisho cha Alhamisi ndani ya saa za skuli. Aseme tu mwanzo wa muhula. Tusilolitaka ni mtoto kumwambia mwalimu yupo chuo na kumwambia ustadhi yupo skuli.

## Michezo, ngoma na Elimu Bila Malipo

Tarehe 23 Septemba ni siku gani hasa?

Tarehe hiyo mwaka 1964, miezi minane baada ya Mapinduzi, Rais wa kwanza wa Zanzibar, Mzee Abeid Amani Karume, alitangaza elimu bila malipo. Kabla ya hapo ada iliwazuia watoto wengi wa wakulima na wavuvi. Kila mwaka siku hiyo huadhimishwa kwa michezo, nyimbo, ngoma na maonesho ya kazi za wanafunzi, na maandalizi huanza wiki nyingi kabla.

Kidato cha kwanza wana kazi maalumu: kila mmoja amuulize bibi au babu yake alisoma wapi, mpaka darasa la ngapi, na kilichomkwamisha ni nini. Majibu yanabandikwa kwenye gazeti la ukutani. Wazee, tunaomba muwape muda. Kuna bibi aliyemweleza mjukuu wake kwamba yeye alikuwa akikaa nje ya dirisha la darasa kumsikiliza kaka yake akisomeshwa, na mjukuu huyo hajakosa skuli hata siku moja tangu aiandike habari ile.

Wachezaji wanachaguliwaje? Watoto wanasema kuna upendeleo.

Mazoezi ya mchujo ni ya wazi, uwanjani, na yeyote anaweza kuja kutazama. Majina hubandikwa pamoja na sababu mbili zinazotumika: uwezo wake uwanjani na mahudhurio yake darasani. Sababu ya pili ndiyo inayozaa manung'uniko, kwa kuwa kijana anaweza kuwa hodari wa mpira kuliko wote na asichukuliwe. Hatutoilegeza. Mwenye malalamiko aje na mzee wake kwa mwalimu wa michezo, daftari la mahudhurio lipo, lifunguliwe mbele yao.

Ni michezo ipi?

Mpira wa miguu, netiboli, nage, riadha, kuvuta kamba na bao. Wanaofanya vizuri huitwa kwenye mashindano ya wilaya na mkoa, na mechi kubwa mara nyingi huwa Uwanja wa Gombani, Chake Chake. Michezo ya UMISSETA, ile ya skuli za sekondari za Tanzania, ina utaratibu wake na kwa kawaida huwa katikati ya mwaka, si muhula huu.

Binti yangu avae nini uwanjani?

Suruali pana ya michezo, fulana ya mikono mirefu na mtandio mwepesi uliofungwa nyuma ya shingo. Pini hapana. Katika nage na netiboli watoto hugongana, na pini ya mtandio huchoma shingo au jicho la mwenzake. Viatu vya raba vinatosha, na asiye navyo amwambie mwalimu wa kike wa michezo kwa siri, vipo vya kuazima.

Akiumia?

Kuna sanduku la huduma ya kwanza na walimu wawili waliofunzwa kulitumia. Jeraha kubwa tunakwenda hospitali ya Wete moja kwa moja na kukupigia simu tukiwa njiani. Kwa hiyo hakikisha namba iliyopo ofisini ndiyo unayoitumia sasa. Kila mwaka tunakuta namba nyingi zimeshazimwa.

Kwa nini skuli inashughulika na ngoma?

Kwa sababu msewe na kibati ni mali ya Pemba, na vikiachwa kwa watu wazima peke yao vitaondoka nao. Mazoezi ni mchana, mbele ya walimu, hakuna ngoma ya usiku. Katika kibati mtoto anajifunza kujibu papo kwa papo, kwa maneno yenye vina na adabu. Walimu wa ushairi wanasema wanaoijua kibati huandika tungo bila kuhesabu mizani kwa vidole. Mzee anayezijua ngoma hizi na yuko tayari kufundisha, karibu sana, nauli tutakutafutia.

## Maulidi ya skuli

Yanakuwa lini, na tuchangie nini?

Ni asubuhi ya Alhamisi moja ndani ya Mfunguo Sita, baada ya tarehe 12, kwa kuwa tarehe yenyewe kila mtu ana maulidi ya mtaani kwao. Barua hutoka wiki mbili kabla. Wanafunzi ndio wanaosoma barzanji na kasida. Walimu hukaa nyuma.

Hakuna kiwango cha mchango. Akina mama huleta vikuba vya asumini na mrehani, wengine udi na marashi, wengine halua na kahawa. Tunachohitaji zaidi ni mikono: watu wa kutandika majamvi alfajiri na watu wa kuyakunja. Wakati wa kisimamo, marashi yakipita, mara nyingi mzee anayelia ni yule aliyemsikia mwanawe akisoma mlango wake peke yake kwa mara ya kwanza. Njooni mapema mpate pa kukaa.

Wasio Waislamu wanahudhuria?

Wanaotaka wanakaribishwa na wanaheshimiwa. Walimu wetu kutoka Bara wengi wao huja. Asiyetaka halazimiki, maktaba huwa wazi.

## Karafuu

Skuli inafungwa wakati wa karafuu?

Hapana. Wapo wazee wanaokumbuka enzi ambazo msimu ukiwa mkubwa skuli zilifungwa ili watoto wakachume, ndiyo maana swali hili halimaliziki. Siku hizi masomo yanaendelea, na mitihani iko pale pale.

Kwa hiyo mtoto asisaidie kabisa?

Asaidie. Walimu wengi hapa tumelelewa kwa karafuu, na tunajua ndizo zinazoleta sare, godoro na bati la nyumba. Tunajua pia kwamba karafuu haina subira: tumba likishafunguka kuwa ua, thamani yake imekwenda. Hatumwambii mtu aziache mtini.

Tunachoomba ni mpango. Kazi za shamba ziwe Jumamosi, Jumapili na jioni. Kuchambua usiku kumalizike saa 3:00, hata kama gunia halijesha. Mwalimu anayesahihisha madaftari huwa wa kwanza kujua hali ilivyo nyumbani, maana kurasa zinanukia karafuu, pembeni pana alama ya kidole gumba cheusi, na mwenye daftari anasinzia kipindi cha pili. Tukiona hivyo siku mbili mfululizo tunampigia simu mzee. Usichukue kama kushtakiwa, tunauliza hali tu.

La mwisho tunalisema kwa uzito wote. Mwanafunzi asipande mti. Mkarafuu ni mrefu na matawi yake hukatika upesi, na kila msimu kisiwani tunasikia habari za walioanguka. Chini kuna kazi za kutosha: kuokota, kuchambua, kuanika, kuanua. Apande mtu mzima aliyezoea.

Ruhusa ya siku mbili tatu inapatikana?

Inapatikana mara moja kwa msimu, isiyozidi siku tatu, kwa kidato cha kwanza na cha tatu. Mzee afike au aandike barua kwa mwalimu wa darasa kabla ya siku yenyewe. Ruhusa ya baada ya mtoto kurudi hatuiiti ruhusa. Mwanafunzi akiondoka huachiwa mwenzake wa kumnakilia masomo, na akirudi ana siku tano za kumaliza kazi alizozikosa.

Kidato cha pili na cha nne hawana ruhusa ya karafuu kuanzia Oktoba. Tunajua inauma, hasa nyumba yenye mikono michache. Mzee aliyebanwa kweli, kwa mfano mgonjwa au mjane aliye peke yake, aje tuzungumze. Kamati ya skuli imewahi kupanga wanafunzi wa skauti wakenda kusaidia shamba la namna hiyo Jumamosi nzima.

Wingu limefunga na karafuu ziko juani. Naweza kumwita mtoto nyumbani?

Ukipiga simu ofisini, ndiyo, mtoto mmoja kwa nyumba, na arudi darasani akimaliza kuanua. Karafuu iliyokaribia kukauka ikinyeshewa hupoteza rangi na daraja, na hiyo ni hasara ya nyumba nzima. Mtoto kuondoka mwenyewe kwa kuona wingu dirishani hairuhusiwi, hata nyumba iwe ng'ambo ya barabara. Siku ya mtihani swali hili halina nafasi. Mwombe jirani tangu asubuhi.

Mwanangu amekataa kurudi skuli. Anasema karafuu zinampa pesa. Nifanyeje?

Hili hutokea zaidi kwa wavulana wa kidato cha tatu na cha nne. Analipwa kwa pishi alizochuma, pesa anaiona jioni ile ile, na skuli haina cha kumpa jioni ile. Kumgomba hakusaidii.

Mwambie anachokijua kila mwenye shamba, kwamba mkarafuu hauzai sawa kila mwaka. Mwaka mmoja unapasua magunia, unaofuata unaweza usipate hata pakacha. Aliyeacha skuli kwa ajili ya msimu mkubwa mara nyingi hukutwa na msimu mdogo akiwa hana shamba wala cheti. Kisha tuambie. Tunakwenda nyumbani watu wawili, mwalimu anayempenda na mmoja wa kamati, na ikibidi tunamwomba Sheha atufikishe. Tunakaa, tunakunywa chai, tunasikiliza. Wengi wanarudi, na anayerudi hasimamishwi mstarini wala hatajwi mbele ya wenzake. Kipindi cha kwanza anakaa kwenye dawati lake lile lile.

## Kambi ya kidato cha nne

Kambi ni nini, na ni lazima?

Ni wiki za mwisho kabla ya mtihani wa NECTA, ambapo wanafunzi wanalala skuli, wanasoma usiku wakiwa na walimu na wanafanya majaribio ya maabara waliyoyakosa. Si lazima. Anayesoma vizuri nyumbani abaki nyumbani na aje mchana kama kawaida. Lakini nyumba nyingi hazina meza, zina wadogo watano na runinga sebuleni, na kwa mtoto wa nyumba hiyo kambi humsaidia sana.

Wasichana wanalala wapi, na nani yuko nao?

Wanalala jengo lao peke yao, lenye choo ndani, mlango unafungwa saa 4:30 usiku. Walimu wawili wa kike wanalala jengo hilo hilo kila usiku kwa zamu, na zamu imebandikwa ofisini ili mzee ajue usiku huu yupo nani. Mgeni wa kiume haingii, awe kaka, ami au mwalimu. Mzee wa kike anaweza kufika saa yoyote bila taarifa, na tunapenda mfike. Swali hili liulizeni kila mwaka, msione haya, wala msitosheke na jibu la maandishi peke yake.

Mchango wake ni kiasi gani?

Kiwango cha chakula hukubaliwa na wazee wenyewe katika kikao cha Agosti, na si lazima kiwe fedha. Wanaoleta mchele, nazi, muhogo, kuni au samaki huandikiwa sawa na waliotoa pesa. Mvuvi mmoja humaliza deni lake lote kwa tenga moja la dagaa. Hakuna mtoto anayerudishwa kwao kwa kukosa mchango, na akirudishwa na mtu yeyote, tujulisheni siku hiyo hiyo.

Anataka kusoma usiku kucha. Tumwache?

Kambini taa zinazimwa saa 5:00 usiku. Asiyelala hakumbuki, na tumeona watahiniwa wazuri wakisinzia juu ya karatasi ya Hisabati. Anayependa kudamka aamke kabla ya Alfajiri, asome, asali, aendelee. Nyumbani fanyeni hivyo hivyo.

## Safari za masomo

Wanakwenda wapi na kwa faida gani?

Kila safari ina somo lake. Baiolojia ni Kidike, kwenye popo wa Pemba, mnyama asiyepatikana pengine popote duniani. Waliwindwa mpaka wakapungua mno, kisha wanakijiji wakaamua kuwalinda, na sasa wananing'inia mitini kwa mamia. Kemia ni kiwanda cha mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, kule Wawi, ambapo mvuke unapitishwa kwenye makonyo na kutoka na mafuta yenye yujenoli, ile ile inayotumika katika dawa za meno. Mtoto aliyechambua makonyo usiku kucha kwao akiiona mitambo ile, ukenekaji, yaani kutoa mafuta kwa mvuke, unamwingia bila kukariri. Historia ni Makumbusho ya Chake Chake ndani ya ngome kongwe, na magofu ya Pujini yanayohusishwa na mtawala Mkama Ndume. Jiografia ni msitu wa Ngezi.

Wakifika Ngezi wanaogelea Vumawimbi?

Hapana. Wanakula hapo ufukweni na kuandika ripoti zao, basi. Walimu wawili hawawezi kuangalia watoto arubaini ndani ya maji.

Asiyeweza kulipia gari?

Utaratibu ni kama wa mchango wa kambi, hapo juu. Kidike ni karibu na huenda kwa daladala za namba 606, kwa hiyo safari hiyo haimshindi mtu.

## Afya

Dawa ya kichocho inamfanya mwanangu aumwe. Lazima anywe?

Tunawasihi sana anywe. Kichocho Pemba ni ugonjwa wa zamani. Unaingia kwa ngozi, mtu akioga au akivuka maji ya mto na madimbwi yenye konokono wanaoubeba, na baadaye huonekana kwa mkojo wenye damu. Ukiachwa miaka unaharibu kibofu na viungo vya uzazi.

Watoa dawa humsimamisha mtoto kwenye fimbo ya kupimia urefu, na urefu ndio unaosema anywe vidonge vingapi. Kizunguzungu, kichefuchefu na maumivu ya tumbo hutokea, zaidi kwa aliyekunywa na njaa, na kwa kawaida hupita siku hiyo hiyo. Kwa hiyo siku ya dawa ale kwanza: uji, muhogo, chochote kizito. Tangazo hutoka siku moja kabla. Dawa inaua minyoo iliyomo mwilini, haimkingi na ya kesho, kwa hiyo wavulana wanaokwenda kujitosa mtoni baada ya mpira wakatazwe na nyumbani pia. Bomba la skuli lipo nyuma ya jiko.

## Hali zisizo za kawaida

Tunakaa kisiwani Fundo. Dau likichelewa mtoto anaadhibiwa?

Haadhibiwi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukifika kumi na tano, maji hupwa mbali na dau hukwama nje. Wanafunzi wa Fundo wana daftari lao la kuingia kwa mwalimu wa zamu, na majaribio ya darasa hatuyaweki kipindi cha kwanza siku hizo. Bahari ikichafuka wasivuke. Piga simu tu. Kwa wiki za mitihani tunawatafutia pa kulala mapema, kambini au kwa familia za karibu zilizokubaliwa na kamati.

Mimi si mzazi, ni shangazi yake. Naweza kuhudhuria kikao?

Unaweza, na neno lako ni neno la mzee wa mtoto huyo. Andikisha jina na namba yako ofisini, hasa kama wazazi wake wako Unguja, Bara au nje ya nchi.

Sijui kusoma vizuri. Barua za skuli zinanipita.

Mwambie mwalimu wa darasa, naye atakuwa anakupigia. Hatumpi mtoto kazi ya kukusomea barua inayomhusu yeye mwenyewe.

Mwanangu ana ulemavu wa miguu. Ana nafasi gani katika haya?

Nafasi kamili. Bao, mdahalo, ushairi na gazeti la ukutani havihitaji miguu, lakini tusimalizie hapo. Uwanjani yumo katika waamuzi na waandishi wa matokeo, na safari zote gari humfuata mlangoni. Tulichoshindwa mpaka sasa ni njia ya kupandia jengo la maabara, bado ni ngazi tupu. Wenzake humbeba, na yeye hapendi kubebwa. Mafundi walio miongoni mwa wazee, saruji tumeshapata mifuko kadhaa, tunatafuta mikono.

Simu zinaruhusiwa kambini au safarini?

Hapana, kote. Simu ya skuli iko wazi saa zote kwa ajili ya wazee. Itakayokamatwa atakabidhiwa mzee mwenyewe mwisho wa wiki.

Siku ya fainali na siku ya mtihani wa majaribio zimegongana. Mtoto aende wapi?

Kidato cha nne na cha pili waende kwenye mtihani. Wengine waende uwanjani, na mtihani watafanya Jumamosi inayofuata, saa 2:00 asubuhi, chumba cha maktaba. Waje na kalamu mbili.